Simu zikizima Tanga: mwongozo kamili wa redio ya ridhaa kwa kamati ya maafa

Umeme ukikatika, mnara wa simu huendelea kwa betri zake kwa saa chache, kisha nao hunyamaza. Mtendaji wa kata aliyekuwa anapiga simu kila nusu saa hapatikani tena, na pale wilayani watu wanaanza kukisia. Oktoba 2019 mvua kubwa ziliharibu barabara na madaraja upande wa Handeni na Korogwe. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na siku chache baadaye, tarehe 12 mwezi huohuo, nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Aliyekuwa na redio koli, betri na waya wa mita ishirini bado alikuwa na njia ya kuzungumza.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Tanga anayetaka kujitolea kwa redio ya ridhaa (amateur radio), yaani redio ya watu binafsi wenye leseni wasioifanyia biashara, ili kuisaidia serikali ya mtaa, wilaya au mkoa wakati wa maafa. Sitatumia muda mwingi kwenye aina za redio. Nitakaa zaidi kwenye ujumbe wenyewe, kwa sababu taratibu tulizorithi ziliandikwa kwa Kiingereza na sisi tunapelekeana habari kwa Kiswahili. Kiswahili kina mitego yake hewani.

Hatua ya 1: Jua unamsaidia nani

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Mkoani mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, wilayani ni Mkuu wa Wilaya. Wewe mwanaredio huna amri yoyote ndani ya mfumo huo. Huamui nani ahamishwe wala chakula kiende wapi. Unachukua maneno ya mwenye mamlaka hapa na kumfikishia mwenye mamlaka kule.

Andika barua kwa Katibu Tawala wa Wilaya ukiomba kukutana na mratibu wa maafa, kisha uipeleke mwenyewe kwa mkono. Ieleze mambo matatu: mko wangapi wenye leseni, mnaweza kufika wapi kwa redio mlizonazo leo, na mnahitaji nini pale ofisini. Mahitaji ni madogo: meza, dirisha la kupitishia kebo na ruhusa ya kufunga waya kwenye miti. Msiahidi kisichopo. Kama hamjawahi kuipata Kilindi hewani, semeni hivyo. Mratibu atakayegundua siku ya mafuriko kwamba mlimdanganya hatawaita tena, na atakuwa na haki.

Nendeni pia kwa Msalaba Mwekundu, kwa Zimamoto na kwa skauti. Skauti mwenye baiskeli anayepeleka karatasi kutoka meza ya redio hadi chumba cha kikao ni sehemu ya mawasiliano sawa na antena.

Hatua ya 2: Leseni kwanza

Usirushe sauti bila leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na usinunue mtambo kabla ya kuwauliza kama unaruhusiwa kuingizwa na kutumika nchini. Namba za wito za vituo vya Tanzania huanza na 5H, na namba yako ndiyo jina lako hewani, hata siku ya dharura.

Redio ndogo za mkononi za bei nafuu zinaweza kurusha kwenye masafa ya polisi, ya meli na ya makampuni. Uwezo huo si ruhusa. Kijana akibonyeza kwenye masafa ya polisi kwa nia ya kusaidia anaweza kuziba wito wa askari aliye kwenye hatari, na anaharibu jina la wanaredio wote wa mkoa.

Kimataifa msingi upo. Kanuni za redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zinaruhusu kituo cha ridhaa kupeleka ujumbe wa kimataifa kwa niaba ya mtu mwingine wakati wa dharura au msaada wa maafa, na tangu 2003 zinazihimiza nchi wanachama ziwawezeshe wanaredio kujiandaa kwa kazi hiyo. Sababu yake ilionekana mwaka uliofuata. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilimkuta Bharathi Prasad, mwanamama mwanaredio wa India, akiwa visiwa vya Andaman na mitambo yake. Simu zilikatika, na yeye na wenzake wakawa wanapeleka habari za waliopona kwa jamaa zao bara. Ni bahari hiihii yetu, na mawimbi yaleyale yalifika pwani ya Tanzania siku hiyo.

Hatua ya 3: Chora ramani ya nani anamfikia nani

Tanga ina wilaya nane, na ardhi yake haifanani: ukanda wa pwani ulio tambarare, Usambara inayopanda zaidi ya mita 2,000, kisha nyika ya Handeni na Kilindi. Redio moja haitoshi kwa yote.

Redio ya VHF (megahezi 144 hadi 146) huenda kama jicho linavyoona, au zaidi kidogo. Zidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili (square root) cha kimo cha antena kwa mita, utapata upeo wake kwa kilomita. Ukishika redio mkononi, kimo cha mita moja na nusu, upeo ni kama kilomita 5. Antena ikiwa juu ya nguzo ya mita 9, ni kama kilomita 12. Jumlisha upeo wa pande mbili. Kwa hiyo Raskazone hadi Ngamiani, ndani ya mji wa Tanga, ni rahisi, lakini Tanga hadi Pangani, kama kilomita 40, haifiki kwa redio za mkononi. Weka mtu Kigombe, katikati, mwenye antena ndefu, awe anapokea na kupitisha.

Kwa Lushoto, Kilindi, Dar es Salaam na Dodoma unahitaji HF, yaani redio ya masafa mafupi. Lushoto iko chini ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, Kilindi karibu 200, Dodoma kama 400. Umbali huu ni mfupi kwa HF, na hapo ndipo wageni wengi wa fani hukosea: wanafunga antena juu kabisa ili wafike mbali, kisha wanawasikia watu wa Ulaya na hawaisikii Korogwe.

Hatua ya 4: Funga waya chini

Ili upate kilomita 30 hadi 400, mawimbi yapande karibu wima, yagonge anga la juu na kushuka kama mvua juu ya milima. Dipoli, yaani antena ya waya wenye pande mbili sawa na kebo katikati, ikifungwa chini ndiyo inafanya hivyo.

Gawa 142.5 kwa masafa yako kwa megahezi. Kwa 7.1 jibu ni mita 20 na kidogo, yaani mita 10 kila upande. Kata kila upande ukiwa mrefu kwa sentimita thelathini zaidi, pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena), kisha punguza kidogo kidogo pande zote mbili kwa usawa. Ufunge kati ya mita 4 na 8 kutoka ardhini, kwenye minazi miwili au mwembe na nguzo, kwa kamba ya nailoni. Kimo hicho ni cha chini, na ndicho tunachokitaka. Hakikisha tu mtu hawezi kuugusa waya ukiwa unarusha, na uwe mbali kabisa na nyaya za umeme.

Mchana tumia bendi ya mita 40, yaani 7.000 hadi 7.200. Usiku bendi hiyo hurefuka na jirani zako hupotea, basi hamia mita 80, kati ya 3.5 na 3.8, dipoli yake ni mita 40 hivi kwa jumla. IARU, umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, kanda ya kwanza, ambayo ndiyo yetu, imetenga 7.110 na 3.760 kuwa vitovu vya mawasiliano ya dharura. Sikiliza hapo kwanza kabla ya kuanzisha lako.

Sasa chumvi. Nimewahi kukaa saa nzima nikidhani anga imeharibika, kumbe maji yalikuwa yameingia kwenye maungio ya kebo. Nilipoyafungua, shaba ilikuwa ya kijani kama majani, na kebo ilitoa tone la maji ya chumvi kidoleni. Tanga shaba iliyo wazi haikai hata msimu mmoja. Funga kila maungio kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, juu yake utepe wa umeme wa kawaida, ukizungusha kutoka chini kwenda juu ili maji yateremke kama kwenye makuti. Acha kitanzi cha kebo kabla haijaingia dirishani, matone yaishie hapo. Kila masika na kila vuli, fungua utazame.

Radi ikisikika, ondoa kebo kwenye redio na uitoe nje ya dirisha. Hakuna ujumbe unaostahili maisha yako.

Hatua ya 5: Betri inayodumu hadi kesho

Redio ya HF ya wati 100 hula kama ampea 1 ikisikiliza, na hadi 20 ikirusha kwa nguvu zote. Kwa sauti ya kawaida wastani wa kurusha ni karibu nusu ya hapo. Kazi ya saa 12 yenye saa moja ya kuzungumza kwa jumla inahitaji ampea-saa 11 za kusikiliza na 10 za kurusha, yaani 21. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu yake, kwa hiyo chukua ya 50 au zaidi. Paneli ya jua ya wati 100, jua likiwa zuri, inarudisha kiasi hicho kwa siku. Siku za mvua hairudishi, na mafuriko huja siku za mvua, basi uwe na betri ya pili iliyojaa.

Weka fyuzi karibu na betri kwenye waya wa chanya. Vidhibiti chaji vya bei nafuu na taa za LED hutoa kelele inayofunika sauti dhaifu. Vizime kimoja kimoja usikie kelele inakoishia.

Hatua ya 6: Ujumbe

Hapa ndipo kazi ilipo. Kila ujumbe uandikwe kwenye karatasi kabla haujasemwa, na uandikwe kwenye karatasi unapopokelewa. Mwenye ujumbe atie jina na cheo chake. Huu ni mfano wa zoezi:

Namba: 7
Uzito: KIPAUMBELE
Kituo kilikoanzia: Pangani
Idadi ya maneno: 17
Saa: 14:20 (saa 8:20 mchana)
Kwa: Mratibu wa maafa, Mkoa wa Tanga
Ujumbe: KAYA 9 ZIMEHAMIA SHULE YA MSINGI KIPUMBWI ZINAHITAJI VIDONGE VYA KUSAFISHA MAJI NA MABLANKETI 46 HAKUNA MAJERUHI
Kutoka: cheo na jina la aliyeandika

Uzito uwe wa ngazi tatu tu. DHARURA ni maisha ya mtu, KIPAUMBELE ni jambo la kufanyika leo, KAWAIDA ni mengine yote. Idadi ya maneno ni ulinzi wako: mpokeaji akihesabu 16, neno limepotea, aombe lirudiwe kabla karatasi haijaondoka mezani.

Sasa ile mitego.

Wa kwanza ndio mbaya kuliko yote. Mtu akianza kusema kabla hajabonyeza sawasawa, redio humeza silabi ya kwanza. Kwa Kiingereza ukipoteza silabi hiyo mara nyingi maana hubaki. Kwetu, ukanushi umekaa hapohapo mwanzoni. «Hatuna maji» inafika «tuna maji». «Hawahitaji dawa» inafika «wahitaji dawa». Mpokeaji hana hata sababu ya kushuku, kwa kuwa alichosikia ni Kiswahili safi. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. Tena usiache neno la kukanusha liwe la kwanza katika ujumbe. Andika «MAJI HATUNA», halafu mwisho sema: «Narudia ukanushi: maji hatuna.»

Wa pili ni tarakimu. Sita na tisa zina konsonanti zilezile zilizogeuzwa, na kwenye mkwaruzo wa HF masikio hayazitofautishi. Nne na nane vilevile, nne ikiwa fupi kiasi cha kupotea kabisa. Katika zoezi moja nilipokea kaya sita zilizokuwa tisa, na kama lingekuwa jambo la kweli, kaya tatu zingelala bila mablanketi kwa kosa la sikio langu. Tangu hapo tunasoma namba tarakimu moja moja, tunarudia mara mbili, na kwa sita, tisa, nne na nane tunapanda ngazi, yaani tunahesabu kuanzia moja: «Nne: moja, mbili, tatu, nne.» Arobaini na sita inasomwa «nne, sita», kisha ngazi zake. Inachelewesha kwa sekunde chache. Ikubali.

Wa tatu ni saa. Mwananchi wa Kipumbwi akisema maji yalifika saa 8, ni saa nane ya mchana, yaani 14:00. Afisa aliyeandika 08:00 amekosea kwa saa sita. Wanaredio nao huweka kumbukumbu kwa saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo tukio hilohilo linaandikwa 11:00. Tukio moja limeandikwa kwa nyakati tatu tofauti. Sheria yetu ni kwamba ujumbe wa kamati huandikwa kwa saa 24 za Afrika Mashariki, na pembeni, kwenye mabano, saa ya Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. UTC ibaki kwenye daftari lako la kituo.

Wa nne ni majina ya mahali. Handeni peke yake ina Kwamsisi, Kwamgwe, Kwamatuku, Kwaluguru, Kwachaga. Yote yanaanza sawa. Litaje jina, kisha uliendeleze herufi kwa herufi kwa alfabeti ya kimataifa, Alfa, Bravo, Charlie, na utaje wilaya. Alfabeti za kubuni mtaani ni tamu, lakini atakayekupokea anaweza kuwa mgeni aliyekuja na msaada.

Mwisho, kumbuka kila mtu anasikia. Redio ya ridhaa hairuhusiwi kuficha maana ya maneno yake, kwa hiyo jina la marehemu, la mgonjwa au la mtoto aliyepotea lisipite hewani bila mwenye mamlaka kuamua hivyo. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sema «mgonjwa mmoja, mwanamke, anahitaji kufikishwa hospitali ya Bombo», na jina liende kwa njia nyingine. Mama asijue msiba wake kupitia redio ya jirani. Na mwandishi wa habari akikuuliza, mwelekeze kwa msemaji wa kamati.

Kama mnao uwezo, ongezeni Winlink, inayopeleka barua pepe kwa HF. Orodha ndefu ya dawa hupita humo bila kosa la sikio. Lakini jifunzeni sauti kwanza.

Hatua ya 7: Kuendesha mtandao hewani

Kituo kimoja kiwe kiongozi, na wengine wasiseme mpaka waitwe, isipokuwa mwenye DHARURA. Kiongozi anaita kwa mpangilio, anauliza nani ana ujumbe na wa uzito gani, na anawapeleka wenye mambo marefu pembeni, kwenye masafa mengine.

Kuna jambo dogo linalowasumbua watu wetu, nalo ni salamu. Kijana anamsikia mzee wake hewani na hawezi kuanza bila shikamoo, mzee naye anaitikia na kuuliza za nyumbani, na dakika mbili zimekwenda. Ukiwakataza kabisa, wazee wanaona wamevunjiwa heshima na wanaacha kuja. Tulichoona kinafaa ni kiongozi kufungua kwa kusalimia kwa niaba ya wote: «Wazee wetu shikamooni, wenzangu hamjambo. Salamu zimefika kwa kila kituo, sasa tunafanya kazi.» Baada ya hapo ni wito, ujumbe, «nimepata», ova. Kama hukupata, sema hukupata. Aliyeitikia «nimepata, nimepata» kwa kumwonea haya mkubwa amefanya jambo baya kuliko kunyamaza.

Hatua ya 8: Zoezi

Fanyeni zoezi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na mratibu wa maafa awepo. Mtu wa ofisi, wala si mwanaredio, ndiye aandike ujumbe, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa. Zimeni umeme wa jengo. Pelekeni ujumbe kumi kwa njia ndefu, Tanga hadi Kigombe, Kigombe hadi Pangani, na mlinganishe karatasi kwa karatasi mwishoni: neno gani lilibadilika, wapi, kwa nini. Zoezi lenye makosa sita yaliyoandikwa lina faida kuliko lile ambalo kila mtu alipiga makofi.

Hatua ya 9: Siku yenyewe, na baada yake

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hutoa angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa chungwa na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kwenye angalizo, chaji betri zote. Kwenye tahadhari, funga waya na ujaribu kuita wilaya zote. Usiende kokote mpaka kamati ikuite, na ukienda mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na utakaporudi. Maji yanayopita juu ya barabara usiyavuke, kwa gari wala kwa mguu. Simu zikiwa bado zinafanya kazi, namba za dharura 112 na 114 ndizo zitangulie, redio ifuate.

Zamu isizidi saa 6 hadi 8. Mtu aliyechoka anasikia tisa mahali pa sita.

Kamati ikisema imetosha, kiongozi anafunga mtandao kwa kuita kila kituo na kuhakikisha hakuna ujumbe uliobaki mfukoni. Karatasi zote, zilizotumwa na zilizopokelewa, zikabidhiwe kwa mratibu kwa orodha, nakala ibaki kwenu. Kisha mkiwa bado na tope miguuni, fungueni maungio ya kebo, futeni chumvi, yakausheni juani, na mrudishe betri kwenye chaji usiku huohuo.